Jasho la mabati: kwa nini nyumba hukohoa mwezi wa saba

Swali: "Jambo Dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Kila mwaka baridi ya mwezi wa sita ikianza tu, nyumba nzima inakohoa: kwanza yule wa shule, kisha mdogo wake, mwisho kitinda mimba mwenye miezi minane. Mama mkwe anasema ni baridi inayoingia kwa miguu, basi jioni anavalisha wote soksi, anafunga madirisha na kuingiza chumbani mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa. Bwana yangu anasema hayo ni mambo ya wazee, ugonjwa unaletwa na mikrobu. Na dada yangu aliyeolewa Bukavu ananiambia kwao watoto wanaugua wakati wa mvua, kiangazi wanapona. Sasa nimsikilize nani?"

Jambo mama. Salamu zifike kwa mama mkwe, maana sehemu ya jibu hili ni yake, na nyingine nitamgombeza kidogo.

Nianze kwa kukiri. Nilipotoka chuo, nikapangwa chumba cha watoto, niliwacheka wazee waziwazi. Bibi akiniambia "ni baridi, mwanangu", nilimjibu kwa kujivuna kwamba baridi haina mikrobu. Ndivyo nilivyosoma. Lakini kila mwezi wa saba ulipofika, vitanda vilijaa watoto wa kifua, wawili wawili kwa godoro moja. Na mvua zilipokolea, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, waliojaza vitanda vilevile walikuwa wa malaria. Miaka mitatu, minne, hivyohivyo. Kalenda ya ukutani ilikuwa inanisahihisha, nami sikutaka kuisoma.

Hata hivyo bwana yako hajakosea. Bila virusi hakuna mafua. Mvuvi aliyelala peke yake kando ya ziwa la Upemba anaweza kutetemeka usiku kucha, na asubuhi akaamka na njaa tu. Ugonjwa lazima utoke kwa mtu. Tena virusi vipya kabisa, ambavyo hakuna mwili unaovifahamu, havina habari na majira yetu. Mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910. Miaka minane baadaye, mwishoni mwa 1918, ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia ilipanda reli hiyohiyo kutoka Rhodesia hadi Katanga. Huo ni wakati wa joto na mvua za kwanza, si wakati wa baridi. Karibuni zaidi, wimbi la korona la aina ya Omicron lilitupata mwezi wa kumi na mbili 2021 na Januari 2022, mvua ikinyesha kila alasiri.

Kwa nini basi mafua ya kawaida yanafuata majira? Chukua mbabula yako. Makala uliyomwagia petroli yanawaka bila kupepewa. Makala yenye unyevu yanahitaji mtu akae pale na kifuniko cha sufuria apepee. Virusi vya zamani, vinavyozunguka kwetu kila mwaka, ni kama makala hayo yenye unyevu: watu wengi wameshavipata, miili yao inavikumbuka kidogo, na moto unaweza kuzimika wenyewe. Hali ya hewa ndiyo kifuniko cha sufuria. Haiwashi, inapepea.

Sasa tuone inapepea namna gani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Jambo la kwanza ni maji yaliyo ndani ya hewa. Hayaonekani, lakini yanapimwa kwa gramu. Hewa ya nyuzi 10, kama ya alfajiri ya mwezi wa saba hapa kwetu, hata ikishiba kabisa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na nusu hivi za maji katika mita moja ya ujazo. Hewa ya asubuhi ya Januari, nyuzi 18 na ukungu, inabeba zaidi ya gramu 15. Halafu angalia kinachotokea mchana wa mwezi wa saba: jua linapanda, joto linafika nyuzi 25, ambapo hewa ingeweza kubeba gramu 23. Lakini maji ni yaleyale 9 ya alfajiri, hakuna mvua ya kuyaongeza. Hewa inakuwa na kiu. Inakunywa kila inachokigusa: nguo kwenye kamba inakauka kwa saa moja, midomo inapasuka, na ndani ya pua, ambako wewe huoni, ute unakauka.

Ule ute si uchafu, mama. Ndio mlinzi wa mlangoni. Vumbi na virusi vinanasa humo, halafu vinyweleo vidogo sana vinausukuma pole pole hadi kooni, unaumeza, tumbo linamaliza kazi. Ukikauka, vinyweleo vinakwama kama baiskeli ya muuza makala kwenye matope. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walijaribu jambo hili kwa panya mwaka 2019: waliowekwa kwenye hewa kavu, yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 20, waliugua mafua vibaya kuliko wenzao wa asilimia 50. Usafishaji wa njia ya hewa ulipungua, na ukarabati wa mapafu pia.

Baridi yenyewe nayo ina mkono wake. Virusi vinavyoleta mafua mengi mepesi, vinavyoitwa rinovirusi, vinazaana vizuri zaidi kwenye nyuzi 33 hadi 35 kuliko kwenye 37 za mwili. Na pua, ukivuta hewa baridi, inapoa hadi hapo. Tena ikipoa, ulinzi wa chembe zake unachelewa kuamka.

Majaribio ninayoyapenda kuliko yote ni ya simbilisi, wale wanyama wadogo ambao ndugu zetu wa Kivu wanawafuga jikoni kwa ajili ya nyama. Mwaka 2007, New York, Anice Lowen na Peter Palese waliweka simbilisi wagonjwa wa mafua karibu na wazima, kila mmoja katika kizimba chake, hewa tu ndiyo ikipita kati yao. Kisha wakabadilisha joto na unyevu. Kwenye nyuzi 5, wazima waliambukizwa kwa wingi. Kwenye nyuzi 20 ilitegemea unyevu: hewa kavu ilipitisha, yenye unyevu mwingi haikupitisha. Kwenye nyuzi 30, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kwa njia ya hewa. Palese alipata wazo la kutumia simbilisi kwenye taarifa ya zamani ya kambi moja ya jeshi huko New Mexico, ambako simbilisi wa maabara walikufa wakati wa mafua yaleyale ya 1918.

Sababu nyingine ya hewa kavu kuwa hatari ni matone. Mtu akikohoa au hata akiongea, anatoa matone makubwa na madogo. Makubwa yanaanguka chini. Lakini hewa yenye kiu inayanywa maji yake yakiwa bado njiani, yanapungua, yanakuwa mepesi, na badala ya kuanguka yanaelea chumbani dakika nyingi, pengine saa. Tone lililoelea lina nafasi ya kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu.

Mpaka hapa mama mkwe anatabasamu. Na kuhusu miguu? Nilidhani hiyo ndiyo sehemu ya kucheka, kumbe. Huko Cardiff, Uingereza, mwaka 2005 walichukua watu 180. Nusu waliweka miguu kwenye maji ya baridi kwa dakika 20, nusu waliiweka kwenye beseni tupu. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 kati ya 90 wa maji baridi walisema wameshikwa na dalili za mafua, na 5 kati ya 90 wa beseni tupu. Si wengi, na hakuna aliyewapima virusi, kwa hiyo silijengi jumba juu yake. Wenye jaribio walifikiri hivi: miguu ikipoa sana, mishipa ya damu ya puani nayo inajibana, na mtu aliyekuwa tayari amebeba virusi bila kujua anaanza kuugua. Baridi haikumpa ugonjwa. Ilimtolea nje ule aliokuwa nao. Kwa hiyo soksi ziendelee.

Sasa nije kwenye kugombeza.

Vitabu vingi vya Ulaya vinaeleza mafua ya baridi kwa nyumba zinazopashwa moto kwa mashine mpaka hewa ya ndani inakauka. Sisi hatuna mashine hizo, na usiku katika chumba chenu hewa si kavu hata kidogo. Nitakuonyesha. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, kabla hujafungua mlango, inua macho utazame mabati. Kama kuna dari, tazama kioo cha dirisha. Utaona jasho. Wakati mwingine linadondoka hadi kwenye blanketi, na watu wanadhani ni umande umeingia. Umande hauingii kwenye nyumba iliyofungwa, mama. Maji yale yalikuwa ndani ya mapafu yenu. Watu watano mmepumua humo kwa muda wa saa tisa, pumzi imepanda, imegusa bati baridi, imegeuka maji. Kama maji ya pumzi hayakupata pa kutokea, basi na kilichopanda pamoja nayo hakikutoka. Yule wa shule akikohoa saa nne ya usiku, kikohozi chake bado kinazunguka humo alfajiri, na mwenye miezi minane anakivuta kidogo kidogo usiku kucha.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha swali lako. Mchana hali ya hewa inatukausha pua. Usiku inatufanya tufunge nyumba. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili inaleta wagonjwa wengi Katuba, mimi nitasema ya pili, bila kusita.

Na hapo ndipo Bukavu inapoingia. Dada yako anasema kweli, wala hampingani. Lubumbashi iko zaidi ya nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwa majira tunafanana na Lusaka kuliko na Bukavu. Bukavu iko nyuzi mbili na nusu tu kutoka ikweta, kando ya ziwa Kivu, mwinuko wake ni kama mita 1,500, na joto lake linabadilika kidogo sana kutoka Januari hadi Desemba. Kule hakuna mwezi wa saba kama wetu. Kinachobadilika ni mvua: kuanzia mwezi wa tisa inanyesha mpaka wa tano, inapumzika mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha mafua katika sehemu 78 za dunia na kukuta njia mbili. Penye baridi na ukavu wa kutosha, mafua yanapanda kwenye miezi ya baridi na ukavu. Pasipo na baridi, yanapanda kwenye miezi ya mvua.

Kwa nini mvua? Kwa sehemu ni virusi vyenyewe: vinaishi vizuri kwenye hewa kavu sana, vinateseka kwenye unyevu wa kati, halafu vinapata nafuu tena hewa ikishiba maji karibu kabisa. Lakini kwa sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni lile jasho la mabati. Mvua ya Bukavu ikishuka, nani anabaki nje? Watu wanajibana kwenye baraza, kwenye basi lenye vioo vilivyofungwa, kwenye darasa la watoto sitini. Jua, ambalo mchana huua virusi vilivyo wazi nje, limefunikwa. Tena shule zinafunguliwa mwezi wa tisa, wakati uleule mvua zinaporudi kule. Ukitaka kutenganisha mvua na shule katika kikohozi cha watoto wa Bukavu, utatoka jasho. Kwetu Lubumbashi baridi inaanza watoto wakiwa bado kwenye mitihani, wamebanana madarasani, wanarudi nyumbani na zawadi.

Usishangae pia kusikia "mafua ya Zambia". Watu wa Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, wanaapa kwamba kila kikohozi kinashuka kwenye lori. Wamezidisha, ila si upuuzi: Afrika Kusini msimu wa mafua unaanza kwa kawaida mwezi wa nne au wa tano, nasi tuko mwisho wa barabara ileile.

Kuna kikohozi kingine ambacho usikichanganye na hiki. Kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua za kwanza, joto linarudi lakini ukavu unabaki, nao unakuwa mkali zaidi. Barabara zetu za udongo zinapanda hewani. Mapori yanachomwa pande zote, mpaka jua la jioni linakuwa jekundu kama chungwa bovu. Kusini mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazowaka zaidi duniani kwa wakati huo. Mtoto anakohoa, macho yanamwasha, anapiga chafya, lakini hana homa. Hicho ni kikohozi cha vumbi na moshi, au ni pumu inaamka, nacho hakiambukizi. Shida yake ni kwamba pua iliyochubuliwa na vumbi ni mlango uliovunjwa komeo. Wiki mbili baadaye shule zinafunguliwa, na virusi vinakuta mlango wazi. Mvua ya kwanza inaposhuka, siku ile mji mzima unanuka udongo, hewa inasafishwa kweli. Wagonjwa wa pumu wananiambia wanaisikia ndani ya kifua kabla hawajaiona.

Surua nayo inapenda kiangazi, ila kwa njia ya kuzunguka. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, vinajisafirisha vyenyewe bila msaada wa baridi. Huko Niger watafiti waliangalia kwa setilaiti taa za usiku za Niamey, Maradi na Zinder: kiangazi, mavuno yakiisha, watu wanahamia mjini, taa zinaongezeka, na surua inaongezeka nazo. Hali ya hewa iliwasogeza watu, watu wakasogeza ugonjwa. Lakini kilichoua watoto zaidi ya 6,000 hapa Kongo katika ule mlipuko ulioanza 2019 hakikuwa majira, kilikuwa watoto kukosa chanjo. Angalia kadi za watoto wako leo.

Turudi chumbani. Najua kwa nini dirisha linafungwa, si baridi peke yake. Kuna wezi, kuna mbu. Siwezi kukaa ofisini nikakuambia ulale dirisha wazi Katuba. Nakuomba vitu vidogo.

Mchana, jua likishapanda, tuseme kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi, fungua mlango na dirisha la upande wa pili kwa pamoja, hewa ipite moja kwa moja. Toa magodoro na mablanketi juani. Watu hawaamini jinsi hatua hii rahisi inavyofanya kazi, basi nikupe kipimo: huko Lima, Peru, mwaka 2007, walipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali 8, wakihofia kifua kikuu. Milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hewa ya chumba ilibadilika mara moja na nusu hivi kwa saa. Yakifunguliwa, mara 28. Vyumba vyenye mashine za kupitisha hewa vilikuwa na 12 tu. Na vilivyoshinda vyote ni vya zamani, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, si vipya. Ukipita mbele ya nyumba za zamani za mjini kwetu, zenye matundu ya hewa juu ya ukuta, ujue wajenzi wale walijua walichofanya. Halafu mpangaji anakuja, anaziba matundu kwa magazeti na saruji kwa sababu yanaleta baridi. Kama nyumba yenu ina matundu ya namna hiyo yaliyozibwa, nenda kayazibue, weka wavu wa mbu. Kama hayapo, usiku acha upenyo wa juu wa dirisha upana wa kiganja, penye chuma na wavu, na usogeze kitanda cha watoto wasiokohoa mbali nao. Blanketi la pili linapambana na baridi vizuri kuliko dirisha lililofungwa. Na anayekohoa alale pembeni ya upenyo, hewa yake itoke kwanza. Mtoto mchanga alale upande mwingine, kwako wewe, ngozi yako ni joto tosha.

Mbabula isilale ndani. Hapa sibembelezi. Makala yaliyokwisha kutoa moshi, yakabaki mekundu na kupendeza, ndiyo yanayodanganya: yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Watu wa Goma wanaifahamu mazuku, ile gesi ya volkano inayojificha kwenye mabonde na kuua mbuzi na watu bila kelele. Ya mbabula ni gesi nyingine, lakini ukimya ni uleule, tena mazuku hulala chini, ukipanda juu umepona, wakati hii ya makala inaenea chumba kizima. Nyumba iliyoamka wote na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, wakakimbilia kununua dawa ya malaria, mara nyingi ililala na mbabula. Wengine hawaamki kabisa. Na hata pasipo kifo, moshi wa jikoni unakaribia kuzidisha mara mbili hatari ya nimonia kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mara nyingi anayeuvuta zaidi ni yule aliyebebwa mgongoni wakati bukari inasongwa. Kwa hiyo mama mkwe anapofunga madirisha na kuingiza mbabula kwa upendo wote, anakusanya kikohozi cha mmoja kwa ajili ya wote, kisha anakitilia moshi. Mwambie kwa heshima, au nitakuja mwenyewe. Kama anataka kupasha kitanda, ajaze chupa maji ya moto, aifunge vizuri, aizungushie kitenge, aiweke chini ya blanketi nusu saa, aitoe kabla mtoto hajalala.

Dawa: mafua mengi yanaisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ampisilini ya kwenye farmasi ya kona haiui virusi, inaua pesa. Kijiko cha asali ya porini kwenye chai ya vuguvugu ni kizuri kwa wale wakubwa wawili, lakini kwa mwenye miezi minane hapana, asali haipewi mtoto kabla ya mwaka mmoja. Yeye anyonye mara nyingi zaidi, na pua yake uisafishe kwa matone ya maji ya chumvi kabla ya kunyonya. Chanjo dhidi ya pneumokoki, mojawapo ya mikrobu wakuu wa nimonia, imo kwenye ratiba ya watoto wa Kongo tangu 2011, hakikisha amemaliza.

Sasa sikiliza hili kwa makini, hata kama mengine yote umeyasahau. Mtoto akiwa na kikohozi, mfunue kifua akiwa ametulia, si analia, uweke simu ihesabu dakika nzima, uhesabu pumzi. Huyo wa miezi minane, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno: anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, hesabu ni 40. Kwa mchanga chini ya miezi miwili, 60. Na kama sehemu ya chini ya kifua inazama ndani anapovuta pumzi, au amekataa ziwa, anatapika kila kitu, amelegea haamki, ameshikwa na degedege, midomo imekuwa ya bluu, usingoje asubuhi wala usimtafutie mtu wa kumwombea kwanza. Muombee mkiwa njiani. Kwa mtu mzima, mama mkwe mwenyewe akiwemo, kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe makohozi. Kifua kikuu kinapenda sana nyumba zilizofungwa, nacho hujificha nyuma ya neno "baridi" miezi na miezi.

Bwana yako mwambie ni kweli mikrobu ndiyo yenye kosa, kwa hiyo Jumamosi hii apande ngazi azibue matundu. Na soksi usimzuie mama mkwe, ila za kitinda mimba zisiwe za kubana.